Kama mazoezi yanaondoa stresi, mbona makuli wa sokoni hawajapona?

#1 Kenge wa Ruvu
Wakuu habari za jioni. Naombeni mnisaidie kabla sijagombana na wife. Shemeji yangu, mdogo wake wife, miezi kadhaa sasa hayuko sawa, haongei, kazini kaacha kwenda, mchana kutwa kalala af usiku macho makavu. Tumempeleka hospitali wakasema ni sonona, wakampa vidonge, na wakati tunatoka dokta akaongezea "na ujitahidi kufanya mazoezi". Tangu siku hiyo nyumba haina amani, wife kila alfajiri anamgongea mlango amka ukakimbie, jamaa haamki, kelele mpaka majirani wanasikia.

Sa hoja yangu ni hii. Mtaani kwetu kuna mzee anavuta mkokoteni, Buguruni mpaka Kariakoo na kurudi, jua lote la Dar ni lake. Huyo mzee ndo mtu mwenye mawazo kuliko wote ninaowajua, jioni akishaegesha ni gongo na kuongea peke yake. Kama jasho lingekuwa dawa ya kichwa yeye si angekuwa wa kwanza kupona? Mi naona hii ya mazoezi ni habari za watu wenye gari na kitambi wanaoenda Coco Beach Jumapili kupiga picha na chupa ya maji. Nipingeni kwa hoja, matusi pelekeni jukwaa la siasa.

#2 Muuza Kashata
Nimekaa siti ya mbele kabisa, anayetaka kashata aseme mapema.

#3 Nesi wa Zamu
Pole kwa shemeji, Kenge. Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, wenye fani wenyewe wamelihangaikia. 2017 kuna watafiti walikusanya tafiti nyingi wakaacha kuyahesabu mazoezi yote kama kitu kimoja, wakayagawa: ya kazini, ya kwenda na kurudi (kutembea, baiskeli), ya kazi za nyumbani, na yale unayofanya muda wako mwenyewe kwa kupenda. Haya ya kupenda na ya usafiri ndo yalienda pamoja na afya nzuri ya akili. Ya kazini hayakuwa hivyo, tena yalienda pamoja na matatizo zaidi. Kwa hiyo mzee wa mkokoteni hapingani na dokta. Dokta hakusema jasho, alisema mazoezi.

#4 Kenge wa Ruvu
@Nesi wa Zamu hapo ndo mnaponichanganya. Misuli inajua vipi kama leo nimelipwa au nimekimbia kwa kupenda? Damu si inazunguka ile ile?

#5 Kuli Mstaafu
Ngoja niongee mimi niliyebeba. Nimeshusha Fuso za viazi na vitunguu miaka mingi, lumbesa mgongoni, mpaka kiuno kiliponiambia basi. Kilichokuwa kinaniua sio gunia. Ni kukaa pale tangu saa tisa usiku hujui mzigo utaingia au hauingii, ukiingia unamkuta dalali keshawapa watu wake, nyumbani umeacha hela ya unga nusu kilo, na ukiumia hakuna wa kukuuliza. Sasa Jumapili tulikuwa na timu yetu ya makuli tunacheza mpira, mwili ule ule uliochoka wiki nzima, na mtu unatoka uwanjani mwepesi unacheka cheka ovyo. Damu ni ile ile mleta mada, ila Jumapili hakuna dalali.

#6 Muuza Kashata
"Jumapili hakuna dalali" 😂 mzee umemaliza, uzi ufungwe.

#7 Kamanda Mbao
Mnazunguka sana. Ni endofini tu. Ukikimbia ubongo unamwaga endofini, ni ndugu na mofini, ile dawa kali ya maumivu, unasikia raha. Kuli hasikii raha kwa sababu kashazoea, mwili haushtuki tena. Sayansi nyepesi hiyo.

#8 Profesa wa Vichochoroni
@Kamanda Mbao hiyo nyepesi imepitwa. Endofini zinazopimwa kwenye damu baada ya kukimbia hazipenyi kirahisi kuingia kwenye ubongo, kuna ukuta unaochuja. Wajerumani 2015 walifanya kwa panya, wakaziba njia ya endofini, panya wakakimbia na bado wasiwasi ukapungua. Walipoziba njia ya endokanabinoidi, yani vile vitu mwili unatengeneza wenyewe vinavyofanana na vya kwenye bangi, ndo utulivu ukakosekana. Af 2021 wakajaribu kwa binadamu, wakawapa dawa ya kuziba endofini kisha wakakimbia, raha ikaja vile vile.

#9 Kamanda Mbao
Kwa hiyo Prof unatuambia wakimbiaji wanavuta bila kuvuta 😂 Lakini usiwadanganye watu, 2008 Wajerumani hao hao walipiga picha ubongo wa wakimbiaji baada ya masaa mawili ya mbio, wakakuta hizo afyuni za mwili, endofini na ndugu zake, zinafanya kazi ndani ya ubongo kabisa. Ubongo unatengeneza zake mwenyewe, hauhitaji za kwenye damu. Ukuta wako haunihusu.

#10 Profesa wa Vichochoroni
Wakimbiaji 10 tu, tena wenye mazoea ya mbio ndefu. Na nani hapa anakimbia masaa mawili? Raha ya baada ya mbio ni kitu kimoja, kutoka kwenye sonona ni kingine. Raha inaisha ukishaoga.

#11 mama Kulwa
Samahanini naingilia mambo ya panya. Mimi baada ya kujifungua mapacha nilikuwa vibaya, nilikuwa naangalia watoto sisikii kitu, nalia naficha, mama mkwe anasema uvivu. Jirani yangu mmoja mtu mzima kidogo akaniambia njoo tutembee, basi ikawa saa kumi na mbili asubuhi baba yao bado hajatoka tunawaacha naye tunazunguka mpaka barabarani na kurudi. Tulikuwa hatukimbii. Mwanzoni nilikuwa siongei, anaongea yeye, habari za wapangaji wake, nani kahama na kodi. Nilirudi kuwa mtu. Ila nikiulizwa kilichonirudisha ni miguu au ni yule mama, mimi nasema yule mama. Alipohama niliendelea kutembea peke yangu na haikuwa vile.

#12 Kenge wa Ruvu
@mama Kulwa asante dada kwa uwazi. Mmeona? Sio mazoezi, ni watu.

#13 Nesi wa Zamu
@mama Kulwa pole na hongera. Wengine mnaosoma, hali hiyo baada ya kujifungua ikizidi wiki mbili nendeni kliniki msiishie kwenye kutembea tu. @Kenge usikimbilie, kaendelea kutembea peke yake na hajasema ilirudi mbaya, kasema haikuwa vile. Kati ya hayo mawili kuna nafasi kubwa.

#14 Mtu wa Mchangani
Assalaam alaykum. Huku kwetu Unguja hili la watu limekaa vizuri zaidi kuliko bara, vikundi vya mazoezi viko kila mtaa, wazee kwa vijana, na tarehe 1 Januari ndio Siku ya Mazoezi Kitaifa, wenzetu dunia nzima wamelala na uchovu wa mwaka mpya sie tuko barabarani tunatembea kwa vikundi na fulana zetu. Mie sina hoja ya panya wala Wajerumani, ila kikundini mtu akikosa siku mbili anafuatwa nyumbani kuulizwa. Hichi ndio dawa. Mgonjwa wa mawazo anataka apotee asionekane, sasa kikundi hakimwachi apotee.

#15 Tanganyika Kando
Wapendwa nawasalimu kutoka Bujumbura. Sisi joging ya Jumamosi asubuhi ni kama dini, vikundi vinapanda milima vinaimba, kila mtaa na kikundi chake, hata wakati wa vita watu walikimbia kwa makundi kwa kuwa peke yako ulikuwa unaogopa. Mwaka 2014 serikali ilipiga marufuku joging za vikundi mjini isipokuwa kwenye viwanja vilivyopangwa, walisema wapinzani wanajificha humo. Kutoka hapo unaelewa joging ya kundi ina nguvu gani, hakuna serikali inaogopa mtu mmoja anakimbia. Majirani zetu Kigali ndio walifanya kinyume, tangu 2016 wanafunga barabara kwa magari Jumapili asubuhi watu watembee.

#16 Kamanda Mbao
Na sisi tulikuwa nayo, mwishoni mwa 2016 Mama Samia akiwa Makamu wa Rais alizindua kampeni ya mazoezi, Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Wiki za mwanzo wakuu wa wilaya wote walikuwa na traki suti mpya. Ofisini kwetu ilibaki fulana.

#17 Mpinzani Asilia
Kama mazoezi yanalinda akili nielezeni Michael Phelps. Medali 28 za Olimpiki, 23 za dhahabu, mtu hakuna siku haogelei, na amesema mwenyewe hadharani alikaa na sonona mpaka 2014 akawa hataki kuishi. Simone Biles wa jimnastiki naye Tokyo 2021 alijitoa kwenye mashindano akasema kichwa hakiko sawa. Hao wana kocha, wana kikundi, wana fulana. Sa hapo mnasemaje.

#18 Profesa wa Vichochoroni
Jibu lipo. 2018 walichapisha uchambuzi wa Wamarekani milioni 1.2. Wenye kufanya mazoezi waliripoti siku mbaya za kichwa pungufu kwa asilimia 43 kuliko wasiofanya, ukilinganisha waliofanana kipato na umri. Waliofanya vizuri zaidi ni wa dakika kama 45, mara tatu mpaka tano kwa wiki, na michezo ya timu ilikuwa juu kabisa. Ila waliozidisha masaa matatu kwa siku walikuwa na hali mbaya kuliko hata wasiofanya kabisa. Phelps yuko kundi hilo. Kwake kuogelea ni kazi, rudi kwa Kuli Mstaafu namba 5. Tena kwa Phelps dalali alikuwa dunia nzima.

#19 Mpinzani Asilia
Prof hiyo ni dodoso, watu wanaulizwa mwezi uliopita ulikuwa na siku ngapi mbaya. Mwenye sonona hawezi kutoka kitandani, lazima ataonekana hafanyi mazoezi! Umeanza na mkia ukaita kichwa. Watu wazima wa akili ndo wanaokimbia, sio kukimbia kunawafanya wazima.

#20 Profesa wa Vichochoroni
Hoja hiyo ni halali na wameijaribu. 2019 walitumia vinasaba, yani mtu anazaliwa na mwelekeo wa kutembea tembea kabla hajawa na sonona wala nini, wakaangalia upande upi unavuta mwenzake. Matokeo yalielekea kwamba kujongea kunapunguza hatari ya sonona, na upande wa pili haukuonekana. Cha kuchekesha ni kwamba ilionekana kwa waliopimwa na kifaa mkononi, sio kwa waliojieleza wenyewe. Watu wanajisifia mazoezi.

#21 Muuza Kashata
Kwenye kujisifia hapo namwona Kamanda Mbao na picha zake za jimu.

#22 Mpinzani Asilia
Bado. Ukiitaka ya uhakika chukua wagonjwa kweli kweli, gawa kwa bahati nasibu. Uingereza walifanya, ikatoka 2012, watu 361 wenye sonona, nusu wakapewa mtu wa kuwahamasisha wafanye mazoezi juu ya matibabu ya kawaida. Walijongea zaidi, sonona haikupungua kuwazidi wenzao. Nimemaliza.

#23 Kenge wa Ruvu
Ahsante Mpinzani!! Naipigia skrinishoti naenda kumwonyesha wife sa hivi.

#24 Nesi wa Zamu
Kenge kabla hujaenda kuanzisha vita, soma tena alichoandika: mtu wa KUWAHAMASISHA. Hawakufanyishwa mazoezi, walishauriwa na kupigiwa simu, na wengi walikuwa tayari kwenye dawa. Yani walichojaribu pale ni hicho hicho anachofanya wife, na kimefeli. Hapo mko sawa.

Sasa chukua ya Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. 1999 walichukua watu 156 wa miaka 50 kwenda juu wenye sonona, kundi moja mazoezi ya kusimamiwa mara tatu kwa wiki, kundi moja vidonge vya sonona vinaitwa setralini, kundi moja vyote. Wiki 16 mwisho makundi yakawa sawa sawa, ila wa vidonge walianza kupata nafuu mapema. Wakaambiwa mbona hamkuweka kidonge cha uongo, yani kisicho na dawa ndani, cha kulinganishia. Wakarudia, ikatoka 2007, watu 202. Waliopona: mazoezi ya kundi asilimia 45, mazoezi ya nyumbani 40, dawa 47, kidonge cha uongo 31.

#25 Mpinzani Asilia
31 kwa kidonge cha uongo! Theluthi ya watu walipona kwa unga wa bure. Ukitoa hiyo hapo mazoezi yanabaki na nini mkononi?

#26 Nesi wa Zamu
Na dawa pia inabaki na hicho hicho kidogo, mbona hiyo huikatai? Kupata miadi, kupimwa, kuulizwa unaendeleaje, na muda wenyewe kupita, vyote vinasaidia. Juzi juzi 2024 walikusanya tafiti 218, watu zaidi ya elfu 14, kutembea, kukimbia taratibu, yoga na kunyanyua vyuma vyote vilisaidia sonona, ila walisema wazi kwamba tafiti nyingi kati ya hizo ni dhaifu. Na kuna moja ilikuwa juu kuliko zote japo tafiti zake ni chache: kucheza muziki.

#27 Muuza Kashata
Kwa hiyo singeli ni dawa? Wizara iingize vigodoro kwenye bima mara moja.

#28 mama Kulwa
Kigodoro kinamtibu anayecheza, kinawapa sonona majirani mpaka asubuhi.

#29 Mtu wa Mchangani
😂😂 Hapo mama umenena.

#30 Sheha wa Zamani
Vijana mnahangaika na Wazungu, tatizo la mawazo siku hizi ni kuacha ibada. Mtu anayeswali swala tano anainama, anasujudu, anatembea msikitini alfajiri, anakutana na watu. Mazoezi yenu yote yamo mle.

#31 Mtu wa Mchangani
Mzee wangu shikamoo. Haya yote kweli, lakini ninao watu wa safu ya kwanza msikitini kwetu na wanaumwa sonona, wanaficha kwa sababu ya maneno kama haya. Tukisema ni ibada tu tunawazidishia aibu.

#32 Sheha wa Zamani
Marahaba. Sikusema waache hospitali.

#33 Kijana wa Bweni
Mi kesi yangu sio sonona ni wasiwasi. Mwaka wa pili chuo nilianza moyo unadunda ghafla, jasho, mikono ya ganzi, nakimbizwa hospitali wanapima moyo wanasema mzima, kesho tena. Nikawa naogopa kupanda ngazi kwa sababu moyo ukienda mbio tu najua ndo nakufa. Mshauri wa chuo hakunipa stori ya homoni hata moja, alinipeleka kwenye ngazi za jengo, tukapanda kidogo, moyo ukadunda, akaniuliza umekufa? tukapanda tena. Baadae nikaanza kukimbia mwenyewe jioni. Sasa moyo ukidunda najua huu ni moyo unaodunda tu. Kwa hiyo mimi naona mazoezi yalinifundisha kuacha kuuogopa mwili wangu, hayo ya endofini siyajui.

#34 Wa Eastlando
Wasee wa Bongo mambo, napitia tu. @Kijana wa Bweni hiyo story yako ni yangu kabisa, tofauti ni mimi ilikuwa kwa matatu, stage ya Donholm huku Nairobi, nikashuka nikijua ni heart. Siku hizi Jumamosi naenda Karura natembea kwa miti, na nawaambia kukimbia estate na kutembea msituni si kitu moja, kwa estate unaangalia boda isikugonge, una-panic juu ya panic. Pengine ni miti ndio inasaidia si miguu.

#35 Kamanda Mbao
Watu, panya, miti, ngazi, swala. Kila mtu ana dawa yake. Bado jua na usingizi tu hamjazitaja.

#36 Daktari Njaa
Nazitaja mimi. Mkuu Kamanda unatania lakini kwa ninavyoona wagonjwa, usingizi ndo mlango mkubwa. Anayetoka asubuhi kwenye mwanga anaiweka saa ya mwili sawa, usiku analala, na akilala siku kadhaa mfululizo hata lile wazo zito linapungua makali. Na misuli nayo ina kazi yake: Wasweden wa chuo cha Karolinska 2014 walionyesha kwa panya kwamba misuli iliyozoeshwa mazoezi inabadilisha kainurenini, kitu kinachopanda mtu akiwa na stresi, kuwa aina ambayo haiwezi kupenya kwenye ubongo. Halafu kuna ile ya 2011, wazee 120, waliotembea mwaka mzima sehemu ya ubongo inayoshika kumbukumbu iliongezeka kama asilimia 2, wenzao waliofanya kujinyoosha tu ikapungua. Mnachobishana chote kinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na kwa mtu mmoja kikawa hiki na kwa mwingine kile.

Ila onyo, na hili sio la kujadili: mtu asiache vidonge ghafla kwa sababu kaanza joging. Nimewaona, wanarudi wakiwa vibaya kuliko walivyoanza. Na mwenye mawazo ya kujidhuru asisubiri viatu, aende hospitali leo, idara za akili zipo kwenye hospitali za rufaa za mikoa, sio lazima Mirembe, ile hospitali ya akili ya Dodoma.

#37 Muuza Kashata
Mirembe inamsubiri Mpinzani 😂

#38 Nesi wa Zamu
@Muuza Kashata utani mwingine wote nacheka nao, huo hapana. Watu wanachelewa matibabu kwa sababu ya huo utani.

#39 Muuza Kashata
Sawa dada, nafuta kauli.

#40 Kenge wa Ruvu
Wakuu nimesoma yote, nashukuru. Sasa turudi kwa shemeji maana mmebishana mkamsahau kitandani. Kumwambia mtu wa hali ile akakimbie ni sawa na kumwambia aliyevunjika mguu atembee mpaka duka la magongo. Hata tukikubali mazoezi yanafanya kazi, ANAANZAJE? Tafiti zenu zote ni za watu waliofika kwenye mazoezi. Wale ambao hawakuamka nani aliwahesabu?

#41 Mpinzani Asilia
Hilo ndilo swali la uzi mzima, mi naondoka na ushindi wangu.

#42 Daktari Njaa
Swali sahihi. Kwanza acheni neno kukimbia, acheni na kumgongea mlango. Vidonge vichukue wiki zake chache. Kwenye tiba ya mazungumzo kuna njia haingoji mtu ajisikie ndo afanye, inaanza na kufanya kitu kidogo kabisa hata kama hajisikii, na hisia zinafuata nyuma au hazifuati, lakini kitendo kimefanyika. Kidogo maana yake kidogo kweli: kukaa mlangoni, kesho mpaka kwenye bomba, keshokutwa mpaka dukani kununua vocha. 2022 walijumlisha watu zaidi ya laki moja na elfu tisini waliofuatiliwa kwa miaka, waliofanya hata nusu ya kile Shirika la Afya Duniani linachopendekeza (dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kama kutembea haraka) hatari ya kupata sonona ilikuwa chini kwa asilimia 18. Nusu ya hizo 150 ni kama dakika 11 kwa siku. Hiyo ni ya kuzuia, sio kutibu, lakini inakuonyesha hatutafuti marathoni ya Kilimanjaro hapa.

#43 mama Kulwa
Na asiende peke yake. Kenge mtume kitu, usimwambie mazoezi. Mwambie shem nisindikize nikachukue mkaa. Mgonjwa anachoka na kusaidiwa, mpe kitu cha kukusaidia wewe.

#44 Kuli Mstaafu
Mama Kulwa uko sahihi, na Kenge hapo ujue wewe ndo utakayetembea, sio wife. Mwanaume mwenye mawazo akiamshwa na dada yake anajiona mtoto.

#45 Kenge wa Ruvu
Mzee hapo umenigusa pabaya, mi mwenyewe kutoka hapa mpaka stendi ni bodaboda 😂

#46 Kamanda Mbao
Nilijua tu! Uzi mzima ni mtu anatetea kitambi chake.

#47 Kenge wa Ruvu
Kitambi sikitetei. Na hamjanijibu kuhusu mzee wa mkokoteni, mmesema ni kazi na sio mazoezi, sasa yeye afanye nini, avute mkokoteni mchana af jioni akakimbie kwa kupenda?

#48 Profesa wa Vichochoroni
Huyo kwa maoni yangu anahitaji hela na kupumzika na mtu wa kuongea naye kuhusu gongo, kabla ya kingine chochote. Tukimwandikia mazoezi tutakuwa tunamdhihaki.

#49 Kuli Mstaafu
Prof nakataa. Unaamua wewe kwamba maskini anahitaji hela tu. Sisi makuli mpira wa Jumapili hakuna aliyetupangia na hakuna aliyetulipa, tuliutaka wenyewe. Muulizeni huyo mzee, labda naye alikuwa beki zamani.

#50 Profesa wa Vichochoroni
Sijasema hela tu. Ila sawa, aulizwe.

#51 Shabiki Mwenye Pressure
Samahanini, mpira wa kuangalia nao unahesabika? Maana derby ya Simba na Yanga moyo wangu unaenda mbio dakika zote 90 bila kuinuka kwenye kiti.

#52 Daktari Njaa
Haihesabiki. Na wewe jina lako linanitisha, kapime.

#53 Tanganyika Kando
@Wa Eastlando, kuhusu miti, sisi tunapanda mlima kwa lami katikati ya magari na tunarudi na furaha, kwa hiyo mimi bado nasema ni kuimba. Mtu anayekimbia huku anaimba pumzi yake inabidi ipangike. Hilo hamjalitaja hata mmoja.

#54 Wa Eastlando
Ndugu wa Buja mimi nikiimba nikikimbia naitiwa polisi. Lakini point imeingia.

#55 Kijana wa Bweni
Mchakamchaka wa shule basi ulikuwa tiba na sisi tulidhani ni adhabu 😂

#56 Kamanda Mbao
Ulikuwa adhabu. Kulikuwa na fimbo nyuma. Namba 5 tena.

#57 Binti wa Mbagala
Jamani nimesoma kimya kimya toka jana. Naulizia klabu ya joging ya Temeke au Mbagala inayopokea wadada wanaoanza, isiwe ya kukimbizana. Kukimbia peke yangu alfajiri siwezi, mbwa na wanaume wa kupiga miluzi. Na je fulana ni lazima kununua siku ya kwanza?

#58 Kuli Mstaafu
Zipo nyingi upande huo karibu kila mtaa. Fulana sio siku ya kwanza, ila mchango wa misiba wataanza kukuuliza mapema. Nenda Jumapili alfajiri kaa barabarani zinapopita, nyingi zina kundi la nyuma la watembeaji, humo ndo wamejaa wamama. Kama goti lina shida sema mwanzo.

#59 Binti wa Mbagala
Asante mzee. Goti zima, viatu ndo sina.

#60 Muuza Kashata
Mtumba wa Karume, wahi asubuhi kabla hawajafungua robota wote wakachagua. Kanyaga kwanza ndo ulipe, soli za zamani zinaachia barabarani.